Mwosha Maiti wa Mtaa wa Wageni

Haruni hakuwa na godoro, hakuwa na kazi, wala mtu wa kumwitikia salamu katika mtaa ule wa ughaibuni walikoishi watu wa kwao. Walimdhania mpelelezi. Basi mmoja wao, Mbwana, alipofariki na mwoshaji akakosekana, wote waligeuka Haruni aliposema, "Nitamwosha mimi."

"Wewe?" Mzee Chande, mkubwa wa mtaa, alimkazia macho. "Ukimvunjia heshima maiti wetu, utahama leo hii."

Haruni hakusema kwamba kazi hiyo aliiona mara moja tu, siku alipooshwa baba yake.

Chande mwenyewe alishika birika la maji ili amchunge. Ngumi ya marehemu ilikuwa imekakamaa. Haruni akaikanda kwa maji ya vuguvugu, jasho likimtiririka. "Legeza, ndugu yangu," alinong'ona. "Uko na watu wa kwenu."

Kidole kimoja kikafunguka, kisha vyote. Chande akaliweka birika chini.

"Mama yake Mbwana hajui bado," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Mwandikie wewe, mwanangu."

Alasiri Haruni aliilamba bahasha ya barua ya mama huyo kwa ulimi mkavu, akaifunga, akaitumbukiza katika sanduku la posta. Barua ilikwishaanguka, lakini mkono wake ulibaki pale pale mdomoni mwa sanduku, kana kwamba habari ile ingeweza bado kurudishwa.