Mkanda Uliokatwa

Mama Mapazia alichukua mkasi wake wa kazi, akakata mkanda wa kiatu kizima. Kilikuwa kiatu chake cha kutokea. Alikitazama kidogo kwa huruma, akakitia kwenye mfuko.

Sebuleni mumewe, mwashi, alikuwa anakula chakula cha mchana. Miguuni alivaa ndara. Tangu juzi alikuwa anakwenda kazini na ndara hizo. Buti zinabana, alidai; buti zilezile alizozivaa miaka nenda rudi, mpaka kamba zikakatika na mkewe akamtilia ukanda wa kitambaa cha pazia.

"Wapi tena?"

"Kwa fundi viatu. Mkanda umekatika."

Mwashi aliacha kutafuna. "Kwa msaliti yule? Na watu wakikuona?"

"Wataona mtu mwenye kiatu kibovu."

"Haya. Mpe, urudi. Usikae kupiga soga." Aliinamia sahani yake, asimtazame tena.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Kila siku ya uchaguzi watu walikusanyika uani kwa mwenyekiti, wakanywa chai, kisha wakaenda kituoni kwa mstari mmoja huku wakiimba. Wote walikuwa wa chama cha Daraja. Jioni matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa shule: Daraja kura zote, Ngazi sifuri. Mwaka huu Ngazi ilipata moja.

Mwenyekiti aliikodolea macho ile moja kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Hakupandisha sauti. "Ndugu zangu," alisema, "nyumba yetu ina panya."

Jua halijazama, panya alikwisha kupatikana. Fundi viatu hakuonekana kwenye mstari asubuhi ile. Tena aliwahi kukataa picha ya mgombea isibandikwe kwenye kibanda chake. "Hapa tunashona viatu," alisema, "vyama vina mafundi wake." Siku ile watu walicheka. Sasa waliyakumbuka maneno hayo, na hakuna aliyecheka. Walimtaka aoneshe kidole, lakini vidole vyake vyote vilikuwa vyeusi kwa dawa ya viatu. Wino wa kura ungeonekana wapi?

Tangu hapo salamu zikakatika. Usiku mtu alimwagia mlango wake oili chafu. Kesho asubuhi vijana wa mwenyekiti wangekibomoa kibanda, na nyuma ya kibanda hicho ndiko alikokuwa analala yeye, mkewe na mtoto wao mchanga.

Mama Mapazia alijua kwamba fundi hana hatia. Kura ile ilikuwa yake.

Hakuwa amepanga. Ila pazia la kituoni alilishona yeye mwenyewe, na alilishona zito, nguo mbili, jicho lisipenye. Alipojikuta nyuma yake, peke yake, kwa mara ya kwanza hakusikia wimbo wa mtu yeyote. Alimfikiria binti yake aliyemaliza chuo na sasa, bila kazi, anashinda dirishani. Mkono ukaenda kwenye Ngazi.

Kesho, nyundo zikiinuliwa, angesimama mbele ya kibanda na kusema. Litakalokuwa na liwe. Lakini fundi alistahili kulisikia kwanza.

Barabara ilikuwa kimya. Mapazia aliyoyashona yeye yalitikisika dirisha baada ya dirisha alivyopita. Mbele ya nyumba ya mwenyekiti vijana wawili walikuwa wanapachika mipini kwenye nyundo. Mmoja alimwangalia mpaka akapinda kona.

"Karibu, shemeji," alisema fundi. Hakuonekana kushangaa. Alikipokea kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye mkanda.

"Mkasi huu."

Mama Mapazia aliinamia mfuko wake mtupu.

"Wenzako wengi wametumia kisu," fundi akasema.

Ndipo alipoinua macho. Kwa mtu aliyesusiwa na mtaa mzima, rafu za fundi zilikuwa zimejaa. Alivitambua viatu vya mwalimu mkuu, vinang'aa, kisigino kimoja kimeng'olewa. Aliviona vya mwenye duka, na vya mkunga, na vyekundu vya yule dada aliyekuwa anaongoza nyimbo kwenye mstari. Vyote vizima, kila kimoja na jeraha moja jipya.

"Fundi, nimekuja kukwambia..."

"Kwamba kura ni yako." Alikiweka kiatu chake kando ya vile vyekundu, taratibu. "Na kwamba kesho utasimama useme. Wote hao wameniambia hivyohivyo, mmoja mmoja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mlangoni pa shule waliandika moja; wewe hesabu viatu."

"Na yako?"

"Mimi? Siku ile nilikuwa kitandani na homa. Sikupiga."

Nje, kipaza sauti cha mwenyekiti kilianza kukohoa, kikiwaita watu wote wafike kesho asubuhi bila kukosa. Mama Mapazia alirudi nyuma hatua moja, asionekane kutoka barabarani. Mguu wake ukagonga kitu chini ya benchi.

Zilikuwa buti kubwa za kazi, zimeganda saruji. Soli ya kushoto ilikuwa imechanwa kwa kisu. Kamba yake ilikuwa ukanda wa kitambaa cha pazia.