Mluzi wa Ackson

"Mama Pierrette, juu ya nini ukisikia ile muziki ya inspekta unaamuka na kwenda?" Mable, jirani yake, alimuuliza hivyo siku moja, akicheka.

Mama Pierrette akajibu kwamba ule ni muziki wa dunia, na yeye ni mjane wa kanisa. Alidanganya.

Ulikuwa muziki wa filamu ya zamani ya polisi. Saksofoni inakuja polepole kama mtu anayenyata, ngoma zinamfuata. Ackson, mume wa Mable, aliupenda kupita wimbo wowote. Hata miezi ile serikali inapofunga ziwa ili samaki wazae, yeye alivua kwa wizi, na alfajiri akirudi aliupiga kwa mluzi huko huko majini. Mji wote wa Nchelenge, kando ya ziwa, haukuwa na mwingine aliyeuweza.

Askari wa samaki alikuja kununua maandazi anayouza Mama Pierrette, akauliza tu, kama mchezo: "Mama, mu giza mutu atamutambua Ackson namna gani?"

Ulimi wa Mama Pierrette ukateleza. "Si kwa mluzi wake?"

Wakamkamata kwenye matete. Miezi sita gerezani.

Leo anarudi. Ameapa kwamba aliyemuuza atamvunja mikono yote miwili, na watu wote wanamtaja Chadrack, kibarua wa uvuvi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, asiyejua lolote. Mama Pierrette aliomba hadi magoti yakamuuma. Kisha akajifunga kitenge, akaenda kwa Mable.

Televisheni ilikuwa inalia saksofoni ile ile. Mable ameketi mbele yake, amenenepa kidogo, kovu la juu ya jicho, alilolipata Ackson akiwa bado nyumbani, limekauka vizuri. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na mfuko mkubwa wa nguo. Za kumbadilishia mume, Mama Pierrette aliwaza, na moyo ukazidi kumchoma.

Akapiga magoti. "Mwanangu, Chadrack hana kosa. Ni miye. Niliwaambia askari juu ya mluzi."

Mable akamwinua.

"Pole, mama. Weye uliwapa mluzi tu." Akaongeza sauti ya televisheni. "Siku na mahali, niliwapa miye."

Nje, njiani, mtu akaanza kupiga mluzi ule. Mable akaubeba mfuko wake, akafungua mlango wa jikoni, akatokea nyuma, akaenda zake.