Paleti ya Bluu

Bi Rukia, msimamizi wa ghala, aliweka sakafuni paleti mbili za plastiki za kupangia mizigo, moja nyeusi na moja ya bluu, kisha akamwita Mzee Tambwe, fundi aliyemuundia paleti za mbao miaka yote.

"Nisaidie kuchagua, mzee wangu. Wateja wa ng'ambo hawataki tena mbao."

Tambwe alibakiwa na tumaini moja: kwamba zisingeingia kwenye rafu. Rafu zile alizijenga mwenyewe, kwa kipimo cha paleti zake.

Wapagazi waliinua ile nyeusi hadi rafuni, ikapwaya. Wakainua ya bluu. Iliteleza ndani bila kukwaruza popote, kana kwamba Tambwe ndiye aliyeikata.

"Kumbe kipimo chako ndicho hikihiki cha viwandani," Bi Rukia alisema kwa upole.

"Ndicho nilichofundishwa."

Tambwe akaisogelea ile ya bluu, akapitisha kiganja juu yake, kama alivyozoea kutafuta msumari uliochomoza kabla ya kukabidhi kazi.

"Unaionaje?"

"Chukua hii."

Wapagazi wakaanza kuzitupa nje zile za mbao. Yeye alibaki pale na nyundo yake, kiganja kikiendelea kupapasa plastiki, taratibu, kikifika ukingoni na kurudi tena kilikoanzia.