Kelele Kwenye Kitufe cha Kusikiliza

Kelele bado ilikuwepo. Fundi alibonyeza tena kitufe cha kusikiliza, kile kipembetatu kidogo alichokichora mwenyewe, na sauti yake ikaanza kusoma aya ya majaribio. Ilisoma vizuri tu. Halafu penye kituo, ndani ya kimya, ikaja tena: krr, krr, kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni chumba cha pili.

"Umenichosha," aliiambia kompyuta.

Kazi yenyewe ukiielezea ni ya mtoto. Kliniki ya kifua ina wagonjwa wa mbali. Wanajirekodi kwa simu wakisoma aya fupi, wanaambatisha faili kwenye tovuti ya kliniki, na daktari anasikiliza ili aamue nani aitwe haraka na nani asubiri zamu yake. Mpaka sasa daktari alilazimika kupakua kila faili kwanza, na kompyuta yake ilishajaa hadi inaganda. Alitaka kubonyeza na kusikia palepale kwenye ukurasa, basi, tena asikie vizuri. Kampuni nyingine ilikuwa imeshapiga hodi na bei nafuu. Kitufe kikileta aibu siku ya maonyesho, kazi inakwenda kwao, na fundi anamwaga unga. Bosi alimwambia hivyo bila kuzunguka.

Rekodi za wagonjwa hazikuruhusiwa kuguswa; hiyo ni siri ya watu. Kwa hiyo fundi alijirekodi mwenyewe, akafungua mgonjwa wa bandia, akamwita Mtu Fulani, akaambatisha.

Alijaribu kila kitu. Akabadilisha aina ya faili. Akabadilisha kivinjari. Akaazima simu ya mlinzi wa getini, akajirekodi upya, kelele palepale. Akajifungia stoo katikati ya maboksi, akidhani ni feni ya ofisini, ikamfuata hadi stoo. Muziki ulitoka safi. Alipoweka rekodi ya bosi, nayo ikatoka safi.

"Si unaona?" bosi alisema. "Yangu haina neno."

"Simu yako ni ya bei mbaya, bosi. Wagonjwa watatoa wapi simu kama hiyo?"

Mwishowe akaona amepata jibu: programu ikikutana na kimya inapandisha sauti, na takataka zote za chini zinapanda nayo. Ndiyo maana kelele haiji katikati ya maneno, inakuja msomaji anaponyamaza. Furaha ya ugunduzi huo ilidumu kikombe kimoja cha kahawa. Akauzima upandishaji huo, akabonyeza, na kelele ikabaki imetulia zake, kama mpangaji asiyemwogopa mwenye nyumba.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kupiga miayo. Ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Lifti ya jengo ilikuwa mbovu, na kila asubuhi alifika ofisini akakaa kwanza, mkoba mapajani, kabla hajaweza kumsalimia mtu. Wenzake walimtania kwamba anazeeka kumzidi bosi. Mkewe hakutania.

"Baba Pacha, siku hizi hata kitandani unalala umekaa," alimwambia wakati wa chai ya asubuhi. "Kazi gani hiyo isiyomlaza mtu?"

"Wiki hii tu, Mama Pacha. Kitufe kikikubali, nitalala mpaka mnisahau."

Siku ya maonyesho alikuja na ujanja wake. Bosi angebonyeza rekodi yake mwenyewe, ile safi, daktari angesikia, wangepeana mikono, na kelele ingeshughulikiwa kimyakimya baadaye. Kilichobaki kilikuwa kumfuta Mtu Fulani kwenye orodha. Hilo kichwa kilichochoka kikalisahau.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, asiye na muda wa porojo. Aliingia kwa akaunti yake, na orodha ya wagonjwa ikafunguka.

"Niacheni nibonyeze mwenyewe," alisema, akavaa hedifoni.

Bosi akarudisha mkono wake mfukoni. Daktari akasikiliza mgonjwa wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Wa pili, akatabasamu. Fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta nyuma yao, alihisi mabega yanashuka kwa mara ya kwanza tangu aianze kazi ile.

Kisha daktari akambonyeza Mtu Fulani.

Tabasamu likamtoka. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akapandisha sauti. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Bosi akageuka na kumkata jicho, na fundi akajua kazi hana tena. Akawaza atakavyomwambia mkewe, akakosa hata nguvu ya kutafuta maneno.

"Daktari, hiyo kelele tunaijua," bosi alianza haraka haraka. "Ni hitilafu ndogo tu, kijana wangu anaimaliza wiki hii, wala isikupe..."

Daktari akainua kiganja kumnyamazisha. Akafumba macho, akasikiliza mara ya tatu hadi mwisho. Kisha akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Kitufe chenu hakina hitilafu yoyote, nimekipokea," alisema, huku akivuta simu ya mezani. "Nipeni namba ya huyu mgonjwa. Leo asilale nyumbani."