Kikohozi cha Mwakio

"Hizi zina uso mpana," alisema Bi Salome, muuza fimbo za gofu. "Hata ukiupiga mpira ovyo, unanyooka. Zinamfaa mtu aliyeuacha mchezo miaka mingi."

Mzee Ngeti alisimama mbele ya wavu wa kujaribia, akapiga. Alijua fika kwamba amekosea, lakini mpira ukaenda katikati bila kuyumba.

Hakuwa ameshika fimbo tangu amzike kaka yake, Mwakio. Enzi zao, kila Ngeti alipoinua fimbo, Mwakio alikohoa makusudi nyuma yake, na kila mpira uliopotelea vichakani, lawama zilikuwa za kikohozi. Waligombana hivyo kama wakewenza mpaka wakazeeka.

"Nikufungie, mzee?"

"Ngoja kidogo, mama."

Akaiinua tena fimbo hadi juu ya bega, akaganda hapo.

"Mbona hupigi?"

"Namsubiri akohoe."

Bi Salome alitaka kucheka. Badala yake aligeuka polepole, akakikodolea macho kiti kitupu kilichokuwa nyuma yao.