Majivu ya Mama Sagar

Sagar alisimamisha gari darajani, katikati ya msitu, wanawe wamebanana kiti cha nyuma, akataka nimwage majivu ya mama yake kwenye mto uliopita chini yetu.

"Baba, maji ni maji, na haya nayo yanafika baharini. Pangani mbali bado. Kesho asubuhi nafungua kontena Kariakoo."

Chungu nilikuwa nimekipakata, kimefungwa kitambaa chekundu. Kilikuwa na joto la mapaja yangu.

Mama Sagar alizaliwa Pangani. Miaka ishirini aliniomba nimpeleke. Kwanza wakubwa walisema petroli hakuna, Jumapili magari yasitembee. Sasa kila kitu ruksa, magari ya Japani yamejaa mpaka Mnazi Mmoja, ila hospitali wanakwambia dawa katafute mwenyewe. Nilizunguka maduka ya dawa ya Mchafukoge siku nzima. Niliporudi nazo, kitandani pake alikuwa amelala mtu mwingine.

Nikashuka. Sagar akashusha pumzi, akaja kunishika mkono.

Nikakiweka chungu kwenye kiti changu cha mbele, nikakifunga mkanda. Ulilegea, nikaukaza tena.

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Wewe kabanane na wanao huko nyuma."