Mchuzi wa Kubahatisha

Kijiko kilipogusa ulimi, fundi cherehani aliduwaa. Ulikuwa mchuzi wa marehemu mama yake, wenyewe hasa, ule aliousaka miaka nenda miaka rudi akiunguza sufuria.

“Shoga, humu umetia nini?”

Jirani yake, mwenzake wa kuonjeshana majaribio ya jikoni, akacheka. “Hata sijui! Nilikuwa namalizia vikopo vya viungo. Nikakung’utia vyote humo, nikavitupa.”

“Wapi?”

“Gari la taka limeshapita, mwenzangu.”

Fundi akagugumia kilichobaki bakulini, akaigeukia sufuria. Mume wa jirani alikuwa akiifuta kwa kipande cha mkate.

“Mbona kimya, shoga?” jirani akauliza. “Haujakolea?”

Fundi akafumba macho. Funda la mwisho lilikuwa bado mdomoni, na hakuthubutu kulimeza.